Kolekta ya Bomba

Nyumba yetu pale Kasongo ilinuka chuma kilichoungua. Uani, nyuma ya jiko, baba mdogo Ramazani alikuwa akichomelea vyuma kwa umeme wa jenereta, na moshi wake mchungu uliingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa, ukachanganyika na harufu ya mazuti, yaani dizeli, iliyokuwa imekolea kwenye mikono ya baba. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alikuwa na kamyo moja kuukuu ya kubeba mizigo, na msimu huo, kati ya mavuno ya mpunga na mvua kubwa, aliamua kuitia turbo ili iweze kupanda milima ya kwenda Wamaza ikiwa na mzigo. Bila turbo ilikuwa ikifika katikati ya mlima, inatetemeka, inazimika, na watu wanashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Mimi turbo niliitaka kwa sababu nyingine. Mama alikuwa amerudi kwao Wamaza baada ya ugomvi ambao hakuna aliyenieleza, na wazee wa kwao walikuwa wametamka kwamba mume wake aje mwenyewe, mchana, mbele ya watu, amchukue kwa heshima. Baba alikuwa mtu wa majivuno. Hakutaka kufika kwa wakwe zake akiwa amepakiwa nyuma ya pikipiki ya mtu. Aliniahidi, "Turbo ikishafungwa, safari ya kwanza iko ya Wamaza. Tutamuleta mama yako, atakaa mbele pamoja na wewe." Tangu siku hiyo nikawa naamka na kuchungulia uani kabla ya kunawa uso, nione kazi imefika wapi.

Turbo yenyewe baba aliitoa kwenye kamyo iliyokufa huko Lusangi, akaileta imefungwa kwenye gunia. Shida ilibaki kolekta, kile chuma kinachokusanya moshi wa moto kutoka kwenye silinda zote na kuusukuma kwenye turbo. Kolekta ya injini yetu haikuwa na mahali pa kuifungia turbo. Zikawa mbili za kuchagua. Moja ilitoka kwenye kamyo ile ya Lusangi, ya fonti, chuma cha kusubu, nene, nyeusi, nzito kiasi kwamba sikuweza kuiinua, lakini matundu yake hayakulingana na ya injini yetu. Ya pili aliitengeneza Ramazani kwa vipande vya bomba, akavikata, akavipinda, akavichomelea mpaka vikawa kama vidole vinne vinavyokutana kwenye kiganja. Ilikuwa nzuri ajabu. Hata majirani walikuja kuitazama.

Baba hakuridhika. Alimtuma dereva wa pikipiki hadi Kindu, kwa fundi mzee aliyemfundisha baba kazi, amwulize wachague ipi. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili, kwa barua. Baba hakujua kusoma. Ramazani naye aliiacha shule mapema. Mimi ndiye niliyekuwa macho ya nyumba ile, na nilijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote. Baba alifuta mikono, akakaa juu ya gurudumu, akasema, "Soma, Zaina. Polepole."

Nilitangulia kuipitia kwa macho kimoyomoyo, kama mwalimu alivyotufundisha. Fundi mzee aliandika kwamba bomba linaweza kutumika, lakini ni jembamba, na likipata moto mkali huku limebeba uzito wa turbo litapasuka kwenye maungio. Kama ni lazima litumike, turbo iwekewe mguu wa chuma unaoshika kwenye injini, isining'inie kwenye bomba. Yeye angechagua ya fonti. Waipeleke Kindu, atayaziba matundu na kuyatoboa upya, na kazi hiyo itachukua mwezi mmoja na nusu.

Mwezi mmoja na nusu ilikuwa mvua. Mvua ilikuwa barabara kufungwa, na mama kubaki Wamaza mpaka kiangazi kingine. Nikasoma kwa sauti, "Bomba linaweza kutumika." Kisha nikasoma salamu za mwisho.

"Ni hayo tu?" baba aliuliza.

"Ni hayo tu, Baba."

Ramazani alikuwa amechuchumaa akiizungusha kolekta yake mikononi. Hakufurahi kama nilivyotarajia. "Kaka," alisema, "hii turbo iko nzito. Niweke muguu ya kuibeba? Siku mbili tu, nitafute chuma."

"Fundi hakusema muguu," baba alijibu. "Yeye aliona motere nyingi kukupita wewe. Funga."

Nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kusema, Baba, ngoja, kuna mstari nimeuruka. Badala yake niliingia jikoni, nikaisukuma barua chini ya kuni zilizokuwa zikiwaka.

Tuliondoka asubuhi ya Jumamosi, baba kwenye usukani, mimi kando yake nikiwa na gauni la sikukuu, Ramazani juu ya magunia. Kamyo ilivuta kwa nguvu ambazo hatukuwahi kuzijua, na baba aliimba. Kwenye mlima wa tatu ulisikika mlio kama wa maji yanayomwagwa kwenye sufuria ya moto, kisha kishindo. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye ungio. Turbo iliinama, ikakata mpira wa mafuta, na mafuta yakaruka juu ya chuma kilichokuwa chekundu. Moto ulipanda mbele yetu mara moja. Baba aliruka upande wake. Mlango wangu ulikuwa haufunguki kutoka ndani, haukuwahi kufunguka. Ni Ramazani aliyeteremka kutoka juu, akaushika ule mlango kwa mikono mitupu, akaung'oa, akanivuta.

Mikono yake ilipopona, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana. Hakushika tena fimbo ya kuchomelea. Na baba, siku ile ile ya moto, pale pale barabarani, mbele ya watu wa kijiji waliokuja na ndoo za mchanga, alimwambia, "Wewe na bomba lako! Umeniua." Ramazani alisema, "Kaka, nilikuomba muguu." Baba akajibu kwamba hakuombwa kitu. Nilisikia, na nilijua, na nilinyamaza. Miezi michache baadaye Ramazani alihamia Lusangi kulima. Baba hakufika Wamaza. Wazee wa kule walingoja kiangazi kile na kilichofuata, kisha mama akaolewa na mtu mwingine.

Nilikwenda kwa Ramazani nikiwa mtu mzima, baada ya mazishi ya baba, mazishi ambayo hakuhudhuria. Nilimkuta akitwanga mpunga kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile barua, isome yote." Nikamtajia neno kwa neno, maana sijawahi kuisahau. Nilipofika kwenye mguu wa chuma alifumba macho.

"Kaka yangu alikufa akijua mimi ndiye mujinga," alisema. "Hii maneno umeniletea mimi ya nini? Mimi ya muguu niliyajua. Uende uwaambie ukoo wote, wakiwa wamekaa. Kabla ya hapo usikanyage hapa."

Siku hizi nikipita gereji za Kasongo nawaona mafundi wakipiga picha kolekta kwa simu na kuzituma Bukavu. Jibu linarudi saa hiyo hiyo kwa sauti ya fundi mwenyewe, na kila aliyesimama karibu anaisikia yote. Hakuna anayemhitaji mtoto wa kusoma. Mimi ni mwalimu, nafundisha kusoma. Ukoo wetu umekutana mara tatu tangu siku ile ya Lusangi, kwenye harusi moja na misiba miwili, na mara zote tatu nilikuwepo, nikawapakulia wali. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na moja, na mtu angeweza kunihurumia kwa hilo. Sasa nina arobaini, na bado sijasema.