Kwenda Garissa Kudai Somo Langu

Niliondoka Kotile kwa sababu ya vicheko. Mwalimu mwenzangu alinionyesha simu yake: mimi ubaoni, mwanangu mgongoni, nikiwaeleza watoto kwa Kisomali stesheni ni nini. Chini ya video, walimu nisiowajua walikuwa wanacheka. Mmoja kaandika, "Huyu anafunza Kiswahili ama anachunga mbuzi?" Nikafunga kitabu, nikaomba ruhusa.

Video ilirekodiwa na watafiti wanaochunguza jinsi sisi tulioishia kidato cha nne tunavyofunzwa kwa simu kufundisha lugha. Waliniahidi wataitazama wao tu. Sasa mwalimu mkuu alikuwa amenionya kwamba wazazi wakiiona, muhula ujao sina kazi.

Asubuhi nilipanda lori la mbuzi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na kabla ya Bura tulikwama hadi adhuhuri, mtoto analia, mbuzi wanalia. Dereva aliniuliza si ningepiga simu tu. Nikamwambia wangeikata.

Garissa tuliingia magharibi. Eddo, dada wa baba yangu, alinipa chai na kuyatazama matope niliyojaa.

"Safari yote hii kwa kuchekwa?"

"Eddo, kuchekwa nimezoea. Wamekata somo langu."

Nikamweleza. Video inaishia kwenye Kisomali. Baada ya hapo watoto walitunga sentensi wenyewe, kwa Kiswahili. Msichana mmoja alisema, "Kwetu hakuna stesheni, tunangoja lori." Hiyo haimo.

Kesho yake katika ofisi ya watafiti nilimkuta mmoja wao, kijana wa papo hapo Garissa, mpole, akanipa kiti. Alisema vipande vifupi huwasaidia walimu kujadiliana.

"Na jina lako hatukuandika, abaayo," akasema, akiniita dada kwa Kisomali.

"Uso wangu je? Na wa mtoto?"

Nikamuuliza kama alitazama somo hadi mwisho. Alisema sehemu ile haikuhitajika. Utafiti ulikuwa unatafuta makosa.

Nilirudi Kotile juu ya magunia, bila jibu. Nimejifunza hili: mtu akija na kamera, muulize kwanza anatafuta nini. Maana atakipata hicho tu.

Lalamiko nililoacha ofisini, likapigwa muhuri mbele yangu, ni hili:

"Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne, Kotile. Nilikubali somo langu litazamwe na watafiti, sikukubali lisambazwe. Kiondoeni kipande hicho. Kisha wale wale waliocheka waonyesheni somo zima, hadi pale watoto wanapoongea."