Pole ya Mkandaji

Mimi ni mkandaji. Najua kwetu Unguja hiyo ni kazi ya kina mama, wanaokanda wazazi na watoto wachanga, na wanaume wenzangu hapa Maryland wamenicheka mpaka wamechoka. Bibi yangu alinifundisha kwa sababu vidole vyake vilishaanza kumuuma na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Siku za wiki napanga maboksi kwenye ghala moja Landover, na Jumamosi asubuhi nakanda wapiganaji katika jimu iliyo nyuma ya maghala hayohayo.

"Buda, si ungerest tu Saturday?" huniuliza Mkenya ninayefanya naye kazi. "Utakufa ukimassage watu."

Hakosei. Nikifika nyumbani Gaithersburg, baada ya foleni ile ya barabara kuu, hata viatu navivua kwa kuvisukuma kwa visigino. Mkandaji naye akandwe na nani?

Kati ya watu wangu wa Jumamosi alikuwepo Mjapani mmoja, mtu mzima aliyepita miaka arubaini. Kwao alikuwa nyota wa mieleka ya maonyesho, ile ambayo mshindi hupangwa kabla watu hawajakata tiketi. Alijaza kumbi, akashinda mikanda. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye alipata mkanda na mimi nikapata kukanda, lakini utani huo kwa Kiingereza hauna chumvi, akawa anatikisa kichwa kwa adabu tu.

Alipochoka kuitwa mwigizaji, akaacha umaarufu wake wote akaingia kwenye mapigano ya kweli, yale ya kizimbani, ngumi, mateke na kabali kwa pamoja. Pambano lake la kwanza alilala chini kabla watu hawajakaa vizuri, na ukumbi ukamcheka. Hakurudi nyuma. Alijifunza upya pamoja na vijana wa umri wa kuwa wanawe, akashinda kidogo, akapigwa sana, mwishowe akaja Marekani kufundisha wanaoanza na kupigana katika vikumbi vya viti vya plastiki. Sasa alikuwa ameahidiwa pambano moja kule Virginia. Alitaka kushinda hilo, ushindi wa kweli, kisha astaafu. Hakuwa na jambo jingine alilolizungumza.

Tulielewana kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili. Mara moja tu aliniambia kitu kirefu. Alisema katika mieleka ya kupangwa, anayeshindwa hupangwa, lakini kuanguka hakupangiki. Kila jioni mji mwingine, kila jioni anadondoka kwa mgongo na shingo. "Mbao za ulingo haziigizi," alisema.

Sasa, mimi nina ugonjwa mmoja ambao Waswahili wote wa huku wanao. Mtu akijikwaa, nasema sorry. Akipiga chafya, akibeba mzigo, akiniambia mama yake anaumwa, sorry. Binti yangu huona aibu dukani.

"Baba, stop saying sorry! You didn't even do anything!"

Namwambia pole si kuomba radhi, mwanangu, pole ni kumsaidia mtu kubeba. Ananisikia vizuri sana, ananijibu kwa Kiingereza, na mambo yanabaki palepale.

Mjapani peke yake ndiye aliyenielewa. Siku moja baada ya mazoezi nilimwambia "sorry for the work", nikimaanisha pole na kazi. Alikaa kitako akacheka mpaka akashika mbavu. Kwao pia, alisema, kazi ikiisha watu huambiana neno la kukubali kwamba mwenzako amechoka. Tangu siku hiyo nikawa nampa pole yangu kila Jumamosi, naye ananijibu kwa ya kwao.

Jumamosi moja, pambano likiwa limekaribia, nilikuwa namkanda mkono wa kushoto kwa mafuta ya karafuu. Kiganjani alikuwa na mchubuko mbichi, na mimi sikuuona mpaka mafuta yalipoingia ndani. Mafuta hayo kwenye kidonda ni pilipili. Mjapani hakutikisika. Alikuwa anatazama dari.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia."

"Nimekubana wapi?"

Akafikiri kidogo. "Kiwiko."

Nilikuwa nimekibana kidole cha mwisho, na nimekibana kwa nguvu. Moyo uliniuma. Ulimi ukatoa ulichozoea: "Sorry. Sorry, brother. Sorry."

Kocha, Mmarekani, ndiyo kwanza anaingia na taulo begani. "Sorry ya nini?" Akaunyanyua ule mkono, akauachia, ukaanguka mezani kama nguo iliyoloa. Akanigeukia. "Umemfanya nini?"

Nikaanza kueleza kwamba kwetu sisi neno hili... Kiingereza changu nikikasirika hunikimbia. Kocha alishaamua. Nikusanye chupa zangu. Pambano litaahirishwa, watu wataambiwa mkandaji ameharibu mshipa, Mjapani apumzike, arudi baadaye. Umekiri mwenyewe, aliniambia, nimekusikia kwa masikio yangu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba uongo ule ulimfaa kila mtu isipokuwa mimi. Mjapani angeondoka na heshima yake, na mlango wa kizimba ungebaki wazi. Ujana wake wote aliumaliza katika mapambano ambayo anayeanguka ameshachaguliwa, na leo nilikuwa nimechaguliwa mimi. Nilimtazama. Alinyamaza muda mrefu kuliko ninavyoweza kumsamehe, nasema kweli.

Kisha akakaa, akauchukua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka mapajani.

"Hakufanya kitu," alisema. "Husema sorry kwa kila mtu. Mkono huu umekufa ganzi tangu baridi iliyopita. Ni shingo. Ni ile mieleka."

"Lakini ile ilikuwa ya uongo," kocha akasema.

"Ndiyo."

Kocha akamuuliza kama anajua anachosema, maana hakuna daktari atakayemruhusu tena kuingia kizimbani, si Virginia, si popote. Akasema anajua. Kocha alisimama kidogo, hakuniomba radhi, akatoka na simu yake.

Nilifunga chupa zangu polepole. Sikufurahi hata kidogo. Nilijisikia mchovu tu, uchovu wa kuokolewa na mtu aliyelipa kwa kila alichokuwa nacho.

Siku hiyo Mjapani alikuwa amekuja na shati, sijui kwa nini, siku zote alivaa fulana. Akalivaa, akahangaika na kifungo cha kwanza, kikamshinda. Akajaribu tena. Kisha akashusha mikono, akasimama mbele yangu akiangalia ukutani. Nikaanza kumfunga, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu.

Nilipokaribia shingoni alinishika mkono kwa ule wake mzima.

"Hivyo vya juu viache," akasema. "Nikifika nyumbani nataka niweze kulivua kwa kulipitisha kichwani, peke yangu."