Neno Nililolisema Jikoni

Nilikulia mjini, mtaa wa Majengo, katika nyumba ya vyumba vya kupanga ambayo familia zote zilitumia ua mmoja na bomba moja. Kwetu mtu akikasirika alipaza sauti. Majirani walisikia, wengine walichungulia, na kabla ugali wa jioni haujasongwa mambo yalikuwa yamekwisha. Mume wangu ni mtu wa kijijini, Mpitimbi. Kwao mtu akikasirika huchukua jembe na kwenda shamba.

Binti yetu alikuwa amemaliza darasa la saba na kuchaguliwa sekondari ya hapa hapa mjini. Asubuhi moja mwezi wa kwanza, nikiwa jikoni nachambua maharage, wifi yangu alinipigia simu kutoka Njombe. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye aliyemlea.

"Wifi, nimekuja dukani kuangalia magodoro," akasema. "Mtoto alizoea la ukubwa gani?"

"Mtoto gani?"

"Si huyu binti yenu anayekuja kukaa kwangu asome huku? Nilishaongea na mumeo, akasema sawa."

Nilikata simu, nikasukuma ungo wa maharage pembeni. Mume wangu aliingia kutafuta maji ya kunywa nikamvaa hapo hapo. Nilimuuliza tangu lini mtoto wangu anagawiwa kwenye simu kama kifaranga. Nilimuuliza kama mimi ni mpangaji humo ndani. Yeye alisimama na kikombe mkononi, anatazama sakafu. Kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyopandisha, maana niliona ananidharau. Mwishowe nikasema, "Kama huwezi kuongea, toka!"

Akaweka kikombe, akachukua koti, akawasha pikipiki.

Jioni hakurudi. Nilimtumia ujumbe mrefu, nikaona ameusoma. Akajibu, "Sawa." Nikatuma mwingine mrefu zaidi, nikapata "Sawa" nyingine. Nilirekodi sauti, ile hakuifungua kabisa. Kila siku nilimwambia binti yetu kwamba baba yuko Mpitimbi anapalilia, naye aliitikia bila kuniangalia usoni. Jirani yangu wa dukani, ninapouza vitenge, aliniambia taratibu, "Shoga, mwanamume haachi kitanda chake kwa ajili ya magugu." Maneno hayo yaliniingia. Nilianza kujiona nimeachwa.

Jumamosi nikafunga duka nikaenda Mpitimbi. Nilimkuta mama mkwe barazani anapepeta mahindi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta. Halafu akasema, "Mwanangu, nyumba ni yenu wote wawili. Kwa nini umemfukuza mwenzako?"

"Mimi? Mama, yeye ndiye aliyeondoka!"

"Alifika hapa akasema, mke wangu ameniambia nitoke."

Nilikaa pale na kigoda chini yangu nikaona kama kinazama. Mimi nilikuwa nimemtoa jikoni. Yeye alijiona ametolewa kwenye ndoa.

Nilimkuta kondeni katikati ya mahindi, suruali imekunjwa, udongo mwekundu hadi magotini. Aliniona. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, lakini kwa namna alivyorudisha macho kwenye jembe nikajua nikiyaanza tutaishia pale pale. Kulikuwa na jembe lingine kwenye mpaka wa shamba. Nikafunga kanga vizuri, nikashika mstari wa pembeni yake.

Tulipalilia. Hapo ndipo alipoanza kuongea, macho kwenye magugu.

"Dada aliponiambia, nilisema sawa. Sikuwa na maana ya kukubali. Nilimaanisha nimesikia. Mimi yule siwezi kumkatalia papo hapo, amenilea. Nikawa natafuta namna ya kukwambia."

"Na mbona jikoni hukusema hivyo?"

"Ukipiga kelele nasikia sauti tu. Maneno yananipita."

"Nawe ukinyamaza," nikasema, "mimi nakujibia mwenyewe. Na majibu ninayokupa ni mabaya kuliko yako."

Akasimamisha jembe. Kwa mara ya kwanza akanitazama. "Kwa hiyo hukunifukuza?"

"Nilitaka utoke jikoni, mume wangu. Jikoni tu."

Alicheka akakaa chini kwenye magugu aliyoyang'oa. Nami nikakaa, na machozi yakanitoka bila sababu niliyoweza kuieleza.

Mtandao unapatikana juu ya kichuguu, basi tukapanda wote wawili, akampigia dada yake na kuweka sauti ya nje. Alianza kwa kuzungukazunguka, nikambonyeza kiuno. "Dada, mtoto tungependa abaki huku," akasema.

Upande wa pili ukatoka mguno wa kushusha mzigo. "Jamani! Mimi nilidhani nyinyi ndio mnataka nimchukue. Nilisema tu kwamba akitaka anaweza kuja, wewe ukasema sawa, nikaona aibu kurudi nyuma. Chumba chenyewe nimejaza magunia ya viazi!"

Tulicheka mpaka mama mkwe akaja kuona kuna nini.

Alitulisha ugali na majani ya maboga, tukarudi mjini mimi nimekaa nyuma ya pikipiki, mvua nyepesi inatupiga, wala hatukusimama kujikinga. Binti yetu alikuwa mlangoni. Tulimkalisha, tukamweleza kwa furaha kwamba imeamuliwa, haendi Njombe.

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani nilikuwa naenda Njombe?"

Baba yake akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Ungependa kwenda?" akamuuliza.

"Hapana," akasema, akainuka kwenda kututengea chai. "Mimi nilidhani mnaachana."