Shimo Nililokataa Kuchimba

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya plastiki iliyoungua. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta hapa Goma, mwanangu, na maringo yangu yangetosha watu kumi. Ndoto yangu ilikuwa ofisi ya Himbi, mtaa wa wenye pesa kando ya ziwa, yenye kiti cha kuzunguka na dirisha la kutazama ziwa. Nikapata kazi mtaa wa Murara, kwenye chumba cha kompyuta sita ambamo wanafunzi walikuja kuandika kazi zao za mwisho wa masomo.

Mwashi aliyejenga chumba kile, Muzee Bauma wa Masisi, alinionyesha waya wa kupeleka radi ardhini. Ulikuwa umefungwa kwenye chuma kilichokwama juu ya mawe ya volkano.

"Mama, hapa ni majiwe tu," aliniambia. Aliniita mama, nami ningeweza kuwa mjukuu wake. "Radi haitapata njia. Tuchimbe mpaka chini, tutie udongo na chumvi."

Nilimjibu neno ambalo hadi leo linanitia haya: "Muzee, miye nilisoma enformatike, sikusomea mashimo."

Akaokota vifaa vyake, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Juma lile lile radi ikapiga. Kompyuta nne zikaungua, mojawapo ikiwa na kazi yote ya Furaha, binti aliyebakiza siku tatu kuiwasilisha. Hakunigombeza. Alikaa mbele ya mashine iliyokufa, mikono juu ya kibodi, na mimi ndiye niliyeanza kulia.

Nikamfuata Muzee Bauma nikitarajia matusi. Alinipa mtaimbo. "Sasa nani atachimba, kama ule mwenye alisoma anakataa?"

Tulichimba siku mbili, viganja vyangu vikatoka malengelenge. Jioni ya pili nilifungua ile mashine, nikatoa diski yake na kuiunga kwenye kompyuta iliyopona. Kazi ya Furaha ikatokea, nzima, mpaka ukurasa wa shukrani. Hapo ndipo Furaha alipopiga kelele, majirani wote wakatoka.

Mwanangu, shimo lile ndilo lililonifundisha kazi. Nimefunga mitandao kwenye vituo vya afya na shule nyingi, hadi kule Bunagana mpakani, na kila nifikapo naomba mtaimbo kwanza. Himbi? Nilifika pia, juu ya paa, kufunga antena. Ziwa linaonekana vizuri zaidi kutoka huko.

Wewe unayesoma kompyuta leo, njia zako ni nyingi kuliko zangu. Andika programu, linda siri za watu, tengeneza simu, fundisha wengine; fuata moyo unakokuvuta. Ila usiseme kuna kipande cha kazi hiyo kilicho chini ya hadhi yako. Mchagua jembe si mkulima.

Mungu akupe mikono isiyoona haya. Na mvua ya Goma ikinguruma, kazi ya mtoto wa mwenzio iwe salama kwa sababu wewe ulichimba.