Ubavu wa Ndani

Dada yangu aliendesha gari la mikate miaka kumi na moja, na sijasikia mtu aliyewahi kumwona akikimbia. Madereva wenzake walimbandika jina la Breki. Kila siku alikuwa wa mwisho kurudi kiwandani, na kila siku walimpokea kwa kelele.

"Breki! Mikate si imefika na ukungu?"

"Imefika mizima," aliwajibu akishuka na mto wake wa kukalia, maana alikuwa mfupi. "Ya kwenu ndiyo hufika chapati."

Wazazi wetu walipofariki, yeye ndiye aliyenilea. Tuliishi vyumba viwili, na gari lililala chini ya dirisha letu. Kabla ya kuwasha injini alikuwa akiweka kiganja juu ya usukani na kusema, "Ee Mungu, tangulia." Kila jioni tulisoma sala kwa zamu, yeye mstari, mimi mstari.

Mwaka jana tajiri, mwenye gari, alinunua matairi manne mapya. Wezi wa mtaani kwetu hawana haja na gari. Huchukua matairi na kuliacha limekaa juu ya mawe. Mimi ndiye niliyesema, "Dada, mwambie fundi ayageuze. Maandishi makubwa yakae ndani. Kwa nje yataonekana ya zamani." Madereva wengi pale hufanya hivyo.

Alicheka. "Mdogo wangu, ungekuwa mwizi tungehama mtaa huu."

Fundi matairi akayageuza yote manne.

Miezi saba baadaye redio ilitangaza kwamba kiwanda kilichotengeneza matairi hayo kimegundua kasoro: baadhi yake ngozi ya juu hubanduka yakipata joto. Kila mwenye gari asome namba iliyo ubavuni, na ikiwa ni miongoni mwa zilizotajwa, apeleke tairi kwa wakala abadilishiwe. Niliandika namba hizo kwenye karatasi. Dada alilizunguka gari akiwa ameinama, akifuta vumbi kwa kidole. Upande wa nje alikuta ukubwa wa tairi na namba fupi, isiyofanana na hata moja ya zile za redioni.

"Si yetu," alisema. "Mungu ashukuriwe."

Nami nikaitikia, "Amina."

Siku ya kumi na tisa baada ya hapo, saa nne asubuhi, tairi la mbele kulia lilibanduka ngozi kwenye mteremko. Gari likagonga ukingo wa daraja. Nilipofika walikuwa wameshamfunika.

Taarifa ya polisi kuhusu ajali ilitaja sababu: mwendo kasi. Siku ya mazishi tajiri alinishika mkono, akasema, "Pole sana. Lakini alikuwa anakimbia. Imeandikwa."

Breki, anakimbia! Wiki tano nilienda kazini na kurudi, bila mtu wa kuniuliza nimeshindaje. Jioni nilisoma mstari wangu wa sala, nikanyamaza kumpisha asome wake. Ndipo nilipokumbuka kwamba matairi tuliyageuza, na dada alisoma upande wa nje tu.

Wiki ya sita nilimwomba fundi matairi anisindikize kwenye uwanja wa magari yaliyopata ajali. Nililala chali kwenye mafuta na vioo, nikaingiza kichwa nyuma ya gurudumu. Namba ndefu ilikuwepo, upande wa ndani. Niliisoma tarakimu moja moja, fundi akiilinganisha na ile karatasi yangu.

"Ndiyo yenyewe," alisema, akavua kofia.

Ofisini kwa wakala, nilikokwenda na fundi, karani mwanamke alinipa fomu ya malalamiko. Swali la nane liliuliza kama tairi lilikaguliwa baada ya tangazo. Fundi aliniinamia sikioni. "Andika hamkulisikia. Ukisema tuliyageuza, watatusukumia sisi lawama yote. Nani atajua?"

Angejua Mungu, na ningejua mimi. Niliandika yote: kwamba lilikaguliwa, kwamba tuliyageuza, kwamba wazo lilikuwa langu.

Karani alisoma, akainua macho. "Dada, mbona umejifunga mwenyewe?"

"Marehemu alilisikia tangazo," nilimwambia. "Alilizunguka gari zima. Lilisema ubavu. Halikusema upi. Wanaotengeneza matairi hawajui kwamba yana mbavu mbili?"

Alifungua faili, akalisoma tangazo lao lenyewe, kisha akalirudia tangu mwanzo. Aligonga mhuri, akasema polepole, "Na hili nitaliandika."

Barua ya kiwanda cha matairi ilikuja baada ya miezi miwili. Ilisema tairi lilikuwa miongoni mwa yenye kasoro, kwamba kubanduka kwake ndiko kulikosababisha ajali, na kwamba tangazo jipya litawaambia watu wakague pande zote mbili. Neno pole halikuwemo.

Niliipeleka kwenye kiwanda cha mikate wakati magari yanarudi. Tajiri aliisoma amesimama, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo hakukimbia," alisema.

"Wasomee wenzake."

Akawasomea kwa sauti. Hakuna aliyetania. Dereva mmoja, yule mwenye kelele kuliko wote, alikaa juu ya kreti tupu na kujifuta uso kwa shati. "Sisi tulijua," alisema. "Lakini hatukusema."

Jioni hiyo niliketi mahali petu nikasoma mstari wangu. Zamu ya dada ilipofika, nilifungua barua nikamsomea ile sentensi ya tairi, kisha nikaikunja na kuiweka juu ya mto wake wa kukalia, niliouchukua kwenye gari lile la ajali. Mstari uliofuata ulikuwa wa kuomba msamaha, na zamu ilikuwa yangu. Nilikaa nao muda mrefu kabla sijaweza kuutamka.