Kibonde cha Hermelinda

Jamani, mimi niliwahi kumrudisha marehemu mezani, Jumapili mchana kweupe, kwa patasi na msasa tu.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Naitwa Zulma. Hapa mjini Machagai natengeneza na kuuza mbao za kukatia nyama, za algarobo, mti mgumu unaomtoa fundi jasho. Kasoro yangu moja: kiherehere. Siwezi kuona kitu nikakiacha.

Jumanne akaja mzee wetu, don Eleuterio, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Kakumbatia ubao wa marehemu mkewe, Hermelinda. Upande wa kushoto ulikuwa na kibonde, maana kisu cha yule mama kilipita hapo miaka arobaini.

"Usawazishe, binti. Pande zote mbili. Jumapili nina wageni."

Nikapiga randa, nikapaka mafuta. Ukawa mpya kabisa.

Ijumaa akaingia Griselda, binti yake. Kuuona ubao tu, akapiga ukunga.

"Zulma! Umemfuta mama yangu!"

"Si baba yako ndiye kaniambia..."

"Baba kazeeka, anajua nini! Kile kibonde ndicho kilichokuwa mkono wake. Kaburini kuna jina tu!"

Chai yangu ya majani ya yerba ikapoa, siinywi. Naketi, nainuka. Natoka mlangoni, narudi. Griselda kakaa palepale, ananisubiri.

Ningekwenda kumwuliza mzee. Kwake ni mitaa miwili tu. Sikwenda, niliona aibu.

Nikashika patasi. Griselda akafumba macho, kiganja juu ya ubao, ananielekeza.

"Chimba kidogo. Aa-aa, sogea ukingoni. Hapo! Hapo hapo!"

Akaanza kulia. Nami nikalia, msasa mkononi.

Jumapili nikaupeleka mwenyewe kwa mzee, nimeufunga kitambaa. Mbavu ziko motoni, majirani wamejaa uani. Kando ya mzee kasimama mama mmoja simfahamu, kavaa gauni la bluu, kisu mkononi.

"Huyu ni Nélida," mzee akasema, anatabasamu kama kijana. "Tunaoana mwezi ujao. Leo nyama anakata yeye."

Katika nyumba ile, anayekata nyama ya Jumapili ndiye mwenye nyumba. Griselda alikuwa hajui lolote. Sahani ikamponyoka.

Mungu wangu! Nikataka kukimbia na ule ubao. Mzee akauchukua, akaufunua. Kiganja chake kikaangukia kwenye kibonde. Uso ukamshuka.

"Zulma, imenichukua miaka sita kuufikisha ubao huu kwako. Umefanya nini?"

Nélida naye akapapasa. Akaelewa. Akaweka kisu chini.

Mafuta yanachuruzika kwenye makaa. Nikajua sasa Nélida anaondoka, na mimi ndiye nimemfukuza.

Akaushika ubao kwa mikono miwili, akaugeuza. Upande wa chini ulikuwa laini, kama nilivyoupiga randa.

"Upande wa kibonde mwachieni mwenyewe," akasema. "Mimi huku kunanitosha."

Akaokota kisu, akakata. Kipande cha kwanza akamnyooshea Griselda. Griselda akakitazama weee, kisha akafungua mkono, akakipokea.

Nafika langoni, mzee akaniita.

"Fundi. Nilikutuma kusawazisha."

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga. Na ilikuwa mitaa miwili tu.