Sita wa Fundi Pindo

Mtaani walimwita Fundi Pindo, maana hakuna aliyejua kukunja pindo la sketi ya shule kama yeye. Mwembamba, mdomo mkali. Ukimpelekea kitambaa kimekatwa ovyo anakuuliza umekikata kwa meno au vipi.

Siku hiyo mdomo ulikuwa kimya kama umetiwa gundi. Alikuwa amesindikiza binti yake, kitinda mimba wake, kliniki ya wajawazito. Mimba ya miezi saba, lakini tumbo ungesema wamo wawili. Binti alikuwa anamaliza chupa ya pili ya maji na saa nne ilikuwa haijafika. Fundi akaiona ile chupa, akageuza uso ukutani.

Nesi mwenye miwani akaanza kujaza kadi. Umri. Kabila. Binti alipotaja kabila, kalamu ikasimama. Nesi akasema wanawake wa kabila hilo sukari inawaondoa sana kuliko majirani zao, na yeye haelewi, maana soko lao moja na chai wanakunywa ileile. Akauliza kwao nani anayo. Binti akasema bibi yake alikufa nayo, na mama wakubwa wawili vilevile.

"Na mama yako hapa amezaa wangapi?"

"Wanne. Wote wazima."

"Kuna aliyezaliwa mkubwa kupita kiasi?"

"Hakuna."

Fundi akaitazama kalamu ikiandika wanne. Kwao mtoto aliyezaliwa amekufa hahesabiwi. Na kumtaja mbele ya mjamzito ndiyo kabisa, wanasema unamwita aje amchukue mwenzake. Dada zake wawili walijibu kliniki hivyohivyo, wakataja walio hai tu, kadi zikaandikwa safi, wakarudishwa nyumbani. Wote wawili yeye ndiye aliyewaosha kabla ya kuzikwa.

Yeye mwenyewe alizaa sita. Wa pili na wa tatu walikuwa mibonge ya watoto, kilo tano na zaidi, mashavu yamejaa, na kabla ya uchungu mkunga alitania, akiona tumbo, kwamba huyu atazaliwa na viatu kabisa. Hawakulia. Na mimba zote mbili alikuwa na kiu kama ya mtu aliyelamba chumvi.

Nesi akafunga kadi. Akasema kila kitu kinaonekana sawa, warudi baada ya mwezi. Binti akatundika mkoba begani, akatoka hadi mlangoni, akamwita mama waende. Fundi akasimama. Akapiga hatua mbili, ya tatu ikakataa.

"Sista," akasema, "andika sita."

"Sita nini, mama?"

"Nimezaa sita. Wawili walikuwa wakubwa mno, wakafia tumboni."

Binti akageuka, mkono juu ya tumbo. "Mama, unasema nini mbele yangu?"

"Nasema unachosikia. Kaa chini."

Binti akakaa, mkoba bado begani. Nesi hakupoteza muda. Akamchoma kidole, tone la damu likaingia kwenye kimashine, wote watatu wakakikodolea macho. Namba ilipotoka nesi akaisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema leo huyu harudi nyumbani, analazwa, na mtoto atapimwa mapigo sasa hivi. Kisha akamwambia Fundi naye alete kidole chake.

Walipoachwa peke yao kusubiri kitanda, binti alikuwa analia bila sauti. Alisema mama yake amemletea mkosi kwa mdomo wake mwenyewe, kisha akajifuta machozi kwa mkono. Alipofungua mdomo tena sauti ilikuwa nyingine.

"Ungeniacha niende?"

Fundi alitamani kusema hapana. "Nilishanyanyuka, mwanangu," akasema. "Nilishapiga hatua mbili."

Kitanda kilipoletwa, binti alimshika mama yake kiganja, akakibana mpaka kikauma, na Fundi hakukitoa.